Risasi zikilia mtaani: mwongozo kwa wakazi wa Mathare, Kayole na Dandora

Katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, risasi ina pande mbili. Kuna jambazi mwenye bastola ya kukodisha, na kuna afande anayemfukuza. Mkazi yuko katikati, mara nyingi ndani ya chumba cha futi kumi kwa kumi chenye ukuta wa mabati. Mwongozo huu unafuata mpangilio wa mambo yenyewe: maandalizi kabla ya siku hiyo, dakika za risasi, damu, hospitali, na karatasi zinazofuata. Yanayoua watu wasiohusika ni mawili kuliko mengine yote: kuchungulia na kuchelewa. Mengine yote yanazunguka hayo.

Jua nyumba yako inazuia nini

Mabati hayazuii risasi yoyote, wala mbao, mlango, sofa, kabati, friji au godoro. Bastola inapenya mabati pande zote mbili za chumba na kuingia kwa jirani. Bunduki kubwa kama G3 au AK-47 inaweza kupita vyumba kadhaa mfululizo. Vinavyosaidia ni ukuta wa mawe ya machimbo, nguzo na sakafu ya zege, na mchanga ulioshindiliwa wa unene wa nusu mita hivi. Tofali lenye matundu linasaidia kwa risasi moja au mbili za bastola, lakini likipigwa mfululizo na bunduki kubwa linabomoka.

Kwa hivyo fanya haya mchana, kukiwa na utulivu:

1. Simama katikati ya nyumba, ujiulize risasi hutoka upande gani kwa kawaida: barabarani, stendi ya boda, daraja la mto, baa. Kila mtaa una kona zake na wenyeji wanazijua.

2. Tafuta mahali ambapo kuta mbili zinakaa kati yako na upande huo. Kwenye ghorofa, mara nyingi ni bafu au korido ya ndani isiyo na dirisha. Kwenye ploti ya mabati hakuna mahali kama hapo. Hapo kimbilio lako ni sakafu yenyewe, upande ulio mbali na barabara.

3. Hamisha kitanda kisikae chini ya dirisha wala sambamba na ukuta wa barabarani. Watoto wanaolala dabo deka walale kitanda cha chini. Ukiweza kupata magunia ya mchanga, yapange upande wa kichwa cha kitanda, yainuke kupita godoro kidogo. Kuzungushia chumba kizima hakuna mpangaji anayeweza, na mwenye ploti hatakubali.

4. Hakikisha kila mtu, mpaka mtoto wa miaka minne, anajua neno moja la kulala chini. Chagueni neno fupi ambalo halitumiki kwa mambo mengine. Mfanye zoezi kama mchezo, taa zikiwa zimezimwa. Kosa la kawaida ni mtoto kuinuka na kumkimbilia mama. Mfundishe kwamba mama ndiye atakayetambaa kumfuata.

Sanduku la dharura

Kindoo cha lita tano chenye kifuniko kinatosha. Kikae karibu na mlango, mahali mkono unafika gizani. Weka ndani:

- leso mbili kuukuu za pamba, zilizofuliwa na kupigwa pasi, ndani ya mfuko safi
- bendeji nne za upana wa sentimita kumi
- glavu jozi nne (mikono ya muokoaji ina mikwaruzo, na damu ina magonjwa)
- mkasi unaokata jinzi
- mwiko mfupi mnene, au spana
- kalamu ya wino mzito, tochi na pawabenki
- nakala za vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na namba za SHA (bima ya afya ya serikali)
- pesa taslimu za gari, kwa sababu mtandao wa M-Pesa huweza kukwama saa hiyohiyo

Kando ya kindoo weka blanketi zito na kipande cha turubai cha mita mbili. Blanketi ndiyo machela. Turubai ni ya kiti cha gari: madereva wengi wa Probox wanaokataa kubeba majeruhi wanaogopa damu kwenye viti kuliko wanavyoogopa polisi.

Zungumza na dereva mapema. Kila ploti iwe na namba za watu wawili wenye gari au tuktuk wanaolala mtaani, na mahali pa kukutana panapojulikana. Ukisema tu "niko Mathare" hakuna atakayekufikia, kwa sababu kati ya Juja Road na Thika Road kuna vichochoro ambavyo hata mkokoteni haupiti. Taja shule, kanisa, msikiti au stendi ambapo gari linaweza kugeuka, na mjue ni watu wangapi wanahitajika kumbeba mtu mzima hadi hapo. Wanne ni wachache kwenye mteremko. Sita ni sawa.

Risasi zinapoanza

Huna haja ya kwanza kuamua kama ni risasi, tairi au transfoma. Mlipuo wa kwanza ukikushtua, teremka. Ukisikia mpasuko mkali wa juu na kishindo baada yake, risasi imepita karibu. Bomu la machozi hutoa mlio mzito wa chini, lakini mara nyingi linapolia hapo, bunduki nazo hazipo mbali.

Ukiwa ndani, lala kifudifudi, mdomo wazi kidogo, mikono juu ya shingo. Zima taa ukiweza kuifikia bila kusimama. Zima jiko la gesi pia kama liko mkononi. Funika skrini ya simu. Usiende mlangoni kufunga komeo kama hujawa karibu nalo.

Na usiende kwenye dirisha au roshani. Agosti 2017 msichana wa miaka 9 alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya ghorofa Mathare North. Machi 2020, usiku wa kafyu ya korona, mvulana wa miaka 13 aliuawa akiwa kwenye roshani ya nyumba yao Kiamaiko. Wote walikuwa nyumbani. Anayefyatua kutoka chini barabarani huelekeza mtutu juu, ama kwa kutisha ama kwa kukosa shabaha, na ghorofa ya tatu na ya nne ndizo zinazopokea. Risasi "ya hewani" nayo hurudi chini, na paa la mabati haliisimamishi. Kwa hiyo anayeishi ghorofa ya juu kabisa ashuke ngazi moja kama ngazi ziko ndani ya jengo. Kama ziko nje, abaki alipo.

Ukiwa nje, kibanda cha mama mboga si kinga. Mtaro, ukingo wa zege, nguzo, au upande wa injini na gurudumu la gari ndivyo vinavyofaa. Milango ya gari ni bati tu. Kimbia ikiwa kona iko hatua chache mbele yako. Kichochoro kirefu kilichonyooka ni kibaya kuliko kulala palepale, kwa sababu kuta mbili zinaelekeza kila kitu kwako. Na ukumbuke jambo lingine la Eastlands: kijana anayekimbia huonekana mhalifu kwa wote wawili, anayefukuza na anayefukuzwa.

Kimya hakimaanishi imeisha. Mara nyingi kuna duru ya pili, polisi wanapoingia au genge linaporudi kumchukua mwenzao. Subiri dakika kumi na tano bila mlio wowote kabla ya kuinuka, isipokuwa kuna mtu anavuja damu ndani ya nyumba yako.

Polisi wakigonga, jibu kwa sauti kabla ya kufungua: "Afande, nafungua, tuko watu wazima wawili na watoto watatu." Fungua polepole, mikono ionekane, bila simu wala kitu chochote cheusi mkononi. Ubishi wa kibali cha upekuzi una wakati wake, na wakati huo ni kesho, mbele ya wakili. Leo kariri tu sura, namba na gari.

Ukitolewa bastola usoni

Toa. Sema unachofanya kabla ya kusogeza mkono: "Simu iko mfuko wa kushoto, naitoa." Usimtazame usoni kwa muda mrefu na usimwite jina hata kama unamjua. Hasa kama unamjua. Akiitaka PIN ya M-Pesa, mpe. Wanaopigwa risasi katika wizi wa namna hii ni wale wanaovuta begi, wanaorusha mkono mfukoni ghafla, au wanaosema kwa sauti kwamba wamemtambua mtu. Ukifika salama, piga 100 kutoka simu nyingine ya Safaricom ufunge laini. Namba ya IMEI ya simu yako (bonyeza *#06#) uwe umeiandika zamani mahali pengine, kwa kuwa kituoni wataiuliza.

Mtu amepigwa: dakika tano za kwanza

Damu ya paja au kwapa inaweza kumaliza mtu kabla gari halijawashwa. Ndiyo maana kuzuia damu hutangulia simu. Mwingine apige simu wewe ukifanya kazi: 999 au 112 kwa polisi, 1199 kwa Msalaba Mwekundu.

Kata nguo zote kuzunguka jeraha. Kisha tafuta tundu la pili. Risasi huingia padogo na kutokea mahali usipotarajia: mgongoni, kwapani, kwenye kinena, chini ya nywele. Mgeuze, pitisha mkono wenye glavu kote, uutazame kwa tochi. Watu wengi wamekazana na tundu la kifuani huku mtu akivuja mgongoni.

Mkono au mguu. Chana leso upana wa sentimita kumi na tano, ikunje iwe vidole vitatu. Izungushe mara mbili, sentimita tano hadi saba juu ya jeraha upande wa moyo, lakini isikae juu ya goti wala kiwiko. Funga fundo moja, lalisha mwiko juu yake, funga fundo la pili, kisha zungusha mwiko mpaka damu ikome kabisa. Ufunge usirudi nyuma. Andika saa kwenye paji la uso kwa kalamu.

Hapa ndipo wengi hukosea. Wanakaza kidogo kwa sababu majeruhi analia. Mkanda ulegevu hufunga mishipa inayorudisha damu na kuacha ile inayoileta, hivyo jeraha huvuja zaidi ya mwanzo. Ni lazima mkanda uumize. Kama bado inavuja, ongeza wa pili juu ya wa kwanza, upande wa moyo. Waya, kamba ya kiatu na kamba ya manila hukata ngozi bila kubana mshipa wa ndani, na penseli huvunjika kabla haijabana chochote. Ile kanuni ya kulegeza kila baada ya dakika kumi na tano ilifundishwa zamani, iacheni. Atakayelegeza ni daktari.

Kinena, kwapa, bega, shingo. Hapa huwezi kufunga mkanda. Sukuma kitambaa kwa kidole mpaka ndani kabisa, pale damu inapotoka, endelea kujaza hadi tundu lishibe, kisha kandamiza kwa mikono miwili, viwiko vimenyooka, uzito wa mwili juu yake. Dakika kumi kamili ukitazama saa, bila kuchungulia. Kila unapoinua kuangalia unaivunja damu iliyoanza kuganda. Shingoni bana upande wenye jeraha tu, usizungushe kitu shingo nzima.

Kifua na tumbo. Usijaze kitambaa ndani. Tundu la kifua liache wazi, au lifunikwe kwa kitambaa chepesi kikavu kisichoziba hewa. Nailoni iliyobandikwa pande zote inaweza kufungia hewa ndani na kulikandamiza pafu. Mwache akae mkao anaopumua vizuri, mara nyingi ni kuketi nusu. Utumbo ukitoka, usiurudishe. Ufunike kwa leso safi iliyoloweshwa maji safi.

Majani ya chai, kahawa, unga, mafuta ya taa, dawa ya meno: hapana. Havizuii mshipa uliopasuka, na daktari atapoteza muda kuvikwangua. Usichokoe risasi. Usimpe maji hata akiomba kwa machozi, kwa kuwa huenda akalazwa kwa upasuaji saa hiyo. Mfunike blanketi, maana mwili ukipoa damu inashindwa kuganda. Akizimia lakini anapumua, mlaze ubavu.

Hospitali

Kliniki ya mtaani haina damu wala chumba cha upasuaji. Kama damu imedhibitiwa, nenda moja kwa moja Kenyatta, au Mama Lucy Kibaki ikiwa ndiyo iliyo karibu. Kuzunguka kliniki tatu zinazokuambia "peleka mbele" kumeua watu wengi. Boda ni chaguo la mwisho, na haifai kabisa kwa aliyepigwa mgongo au shingo.

Watu huchelewa kwa hofu kwamba hospitali itataka barua ya polisi kwanza. Hospitali inaweza kuwajulisha polisi, hiyo ni sawa, lakini matibabu hayangoji. Katiba ya Kenya, Kifungu cha 43(2), inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 inaweka faini ya hadi shilingi milioni 3 kwa hospitali inayokataa ilhali ina uwezo. Ukidaiwa amana mlangoni, sema kwa utulivu: "Hii ni dharura, Kifungu cha 43(2)," na uandike jina la aliyekujibu na saa. Ugomvi pale dirishani husaidia kidogo sana.

Nguo za majeruhi zisitupwe wala zisifuliwe. Ziweke kwenye mfuko wa karatasi, kwa kuwa kwenye nailoni zitaoza. Tundu la nguo na masizi yake huonyesha kama risasi ilipigwa kwa karibu.

Maganda na kuta

Maganda ya risasi yakibaki mlangoni, watoto watayakusanya kuchezea. Wazuie. Kukutwa na risasi nzima ni kosa chini ya Sheria ya Silaha, Sura 114, na ganda likishahama mahali pake halithibitishi kitu. Piga picha kwa mbali ionyeshe mlango au nguzo, kisha kwa karibu ukiweka sarafu pembeni kuonyesha ukubwa. Funika kwa beseni. Risasi iliyokwama ukutani iacheni humo.

Andika usiku huohuo, kabla majirani hawajasimuliana hadi kila mtu akaona kitu kilekile: saa, namba ya gari, mavazi, milio mingapi, nani alisimama wapi. Afisa mwenye sare anatakiwa na Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 kuvaa jina au namba ya kazi inayoonekana. Kama hakuivaa, andika hivyo pia.

Karatasi

1. Ripoti kituoni na udai namba ya OB, kitabu cha matukio cha polisi. Bila hiyo hamna kinachofuata. Kituo kikikataa kuandika, nenda kituo kingine, kisha useme kwa maandishi kwamba cha kwanza kilikataa.

2. Chukua P3, fomu ya polisi ya kueleza majeraha, ambayo haina malipo kituoni, ijazwe na daktari. Itoe nakala mbili kabla hujairudisha. P3 zilizopotea kituoni ni nyingi mno.

3. Kama risasi ni ya polisi, peleka malalamiko IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Simu ni 1559, haina malipo. Anayelalamika si lazima awe ndiye aliyeumia: jamaa, shahidi au shirika wanaweza.

4. Mtu akifa, upasuaji wa maiti ufanyike kabla ya maziko. Familia ina haki ya kuwa na daktari wake chumbani, na IMLU, shirika huru la madaktari na wanasheria, husaidia wasio na uwezo. Familia za Kiislamu za Kiamaiko na Eastleigh zinazotaka kuzika siku hiyohiyo zimuombe daktari mapema asubuhi na kueleza sababu. Kazi yenyewe ni ya saa chache. Kesi nyingi za mauaji haya hufia hapa, kwa sababu mwili umezikwa bila ripoti.

Usiende peke yako. Vituo vya haki za kijamii vya Mathare, Kayole, Dandora na Kiamaiko vina watu wanaojua kaunta ipi na siku gani, na akina mama waliopoteza watoto wana mtandao wao wa kusindikizana mahakamani.

Kijana wako akitajwa

Kwa miaka kadhaa, akaunti za Facebook za watu wanaojionyesha kama polisi zimekuwa zikirusha picha za vijana wa Eastlands pamoja na onyo, na baadhi yao wameuawa baadaye. Ukiona picha ya mwanao, usijibu pale chini. Hifadhi picha ya skrini yenye tarehe na anwani ya ukurasa. Mpeleke kwa jamaa ushago au mtaa mwingine siku hiyohiyo, bila kutangaza wapi. Nenda kituo cha haki. Kama kweli anatafutwa, ajisalimishe mchana, na wakili, mbele ya mashahidi, na afikishwe kortini ndani ya saa 24 kama Kifungu cha 49 kinavyotaka. Kama hana kosa, malalamiko IPOA yaandikwe angali hai. Mzazi atakayekwenda kumtetea kwa afande wa mtaani, faraghani, kwa kumpa kitu kidogo, amenunua wiki mbili tu.

Kundi la WhatsApp la ploti

Liwe na taarifa tatu: wapi, saa ngapi, wanaelekea upande gani. Majina ya washukiwa yasiandikwe kabisa. Simu hunyang'anywa na pande zote mbili, na aliyeandika "ni fulani na fulani" ndiye anayefuatwa. Sauti za kurekodiwa zipigwe marufuku, sababu sauti hutambulika. Na yeyote atakayerusha uvumi wa "mwizi yuko kona" bila kuona kwa macho yake aondolewe, maana umati wenye petroli na tairi haungoji uthibitisho. Mambo ya Nyumba Kumi na mzee wa mtaa ni mazuri kwa taa za barabarani na geti. Kwa habari za bunduki, pima kwanza nani anaketi na nani jioni.

Wiki zinazofuata

Mtoto anayekojoa kitandani ghafla, anayeshtuka mlango ukigonga au anayecheza "polisi na wezi" ileile kila siku hajaharibika. Rudisha ratiba yake haraka, shule, chakula, saa ya kulala, na jibu maswali yake kwa ukweli mfupi. Namba 116 ni ya watoto, haina malipo. Mtu mzima ambaye baada ya mwezi bado halali, ananywa ili alale, au hawezi kupita mahali palipotokea, apige 1199, ambako Msalaba Mwekundu hutoa pia ushauri nasaha, au aende kliniki ya Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili. Wanaume husema wako sawa. Muulize kama analala saa ngapi, si kama yuko sawa.